Mguu wa Bibi na Kaa wa Tumbawe

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na jiwe moja tu alilolipenda, na halikuwa jiwe. Lilikuwa tumbawe la baharini, kubwa kama kabichi, limejaa matawi mafupi manene, rangi yake imekuwa kama meno ya mvuta sigara. Alitoka nalo kwao pwani siku alipoolewa na babu na kuletwa huku juu, kwanza Iringa, halafu Mbeya, na tangu hapo lilikaa kwenye dirisha la chumba chake, nyuma ya duka letu la vitambaa, Mwanjelwa. Wateja waliopitishwa ndani kumsalimia walidhani ni kitu cha uganga. Mimi niliwaambia ndiyo. Mama mmoja wa Kisafwa nilimwambia likishikwa na mtu mwongo linatoa jasho, akarudisha mkono wake kwenye kitenge haraka sana.

Nimeanza na hilo ili ujue nilivyo. Nilihamia kwa Bibi nikiwa kidato cha pili, baada ya shule moja ya Iringa kuchoka na mdomo wangu. Mama, ambaye ni Mhehe wa Kalenga aliyesilimu kwa ajili ya baba, alisema nikikaa na Bibi nitapata adabu. Baba ni dereva wa malori, maoni yake huwa yanafika pamoja na mzigo, yaani yamechelewa. Hakuna aliyekumbuka kwamba bibi na mjukuu kwetu ni watani. Bibi aliniita "mke mwenzangu", maana mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na babu akinipa soda mimi kwanza, Bibi alivua kilemba akakitupa kitandani, akasema anarudi kwao leo leo. Adabu ningeipata wapi hapo?

Halafu babu akafa. Ilikuwa mwezi wa tano, baridi ya Mbeya ndiyo inaanza kung'ata. Bibi akaingia eda: miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila manukato, bila kutoka nje ya nyumba. Nikahamishiwa chumbani kwake nimsaidie, kwa sababu alikuwa na kisukari na macho yake hayakuwa mazuri. Wageni wa matanga walipopungua, akanitazama, kope zimevimba.

"Na wewe vaa nyeupe. Si alikuwa mumeo pia?"

"Mimi alishanipa talaka, Bibi. Nilimpikia wali mbichi."

Akacheka, kisha akalia, vyote kwa pamoja, na kamasi zikamtoka. Nilimfuta kwa mtandio wangu wa shule.

Zile wiki zilikuwa ndefu. Televisheni ilizimwa kwa heshima ya marehemu, na mimi nilikuwa marehemu wa pili kwa kuchoka. Ndipo nikalijua lile tumbawe. Bibi alinisimulia kwamba alipokuwa msichana, maji yakipwa, yeye na wenzake walitembea juu ya mwamba na fimbo kutafuta pweza kwenye mashimo. Tumbawe kama lile likiwa hai lina rangi, alisema, na katikati ya matawi yake wanaishi kaa wawili, dume na jike, wadogo kama ukucha wa dole gumba. Hawahami. Wanakula ute wa tumbawe, na tumbawe linawaficha wasiliwe na samaki. Akija yule kiti cha pweza mwenye miiba, mdudu wa umbo la nyota anayekula matumbawe, wale kaa wanamtokea. Wanambana miguu kwa magando yao, wanamsukuma, wanamkata, mpaka anaona tabu anakwenda kula kwa jirani.

"Vidogo hivyo?"

"Nimewaona kwa macho yangu mawili. Wewe mkubwa hivyo, mbona jogoo wa jirani anakukimbiza?"

Kisha akanielekeza kidole kwenye ncha ya tawi moja. Palikuwa na uvimbe, kama viganja viwili vilivyofumbwa, na pale vilipokutana pana mstari wa matundu madogo.

"Na huyu ndiye mjinga wao," alisema. "Huyu ni jike wa aina nyingine. Anakuja akiwa mdogo kama chembe ya vumbi, anakaa kwenye panda ya tawi. Anakaa tu. Tumbawe linaota huku, linaota kule, linamzunguka, mpaka kuta zinakutana juu ya kichwa chake. Yanabaki haya matundu ya kupitisha maji. Chakula kinaingia na maji. Mume wake mdogo mno, anaweza kupita, anamtembelea, anaondoka. Yeye hatoki tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kufa. Huyu yumo humo mpaka leo."

Mengine niliyasoma baadaye kwenye simu ya baba mdogo, na Bibi hakuwa amekosea pakubwa.

"Kumbe kaa naye anakaa eda," nikasema.

Alinipiga begani kwa tasbihi. "Afadhali yake. Wake anamtembelea."

Kule shuleni tulikuwa kwenye somo la viumbe wanaoishi kwa kutegemeana. Madam wa Baiolojia alitoa mifano ya kitabuni, ndege na nyati, kupe, minyoo ya tumboni. Nikanyoosha mkono nikaeleza habari za kaa anayejengewa nyumba na jiwe hai mpaka anashindwa kutoka. Darasa zima likaangua kicheko, kwa sababu nikinyoosha mkono wanajua ni kituko. Madam naye akadhani ni kituko.

"Kaa ndani ya jiwe. Anakula nini, kokoto?"

"Madam, mbona wewe unakaa nyumba ya mwalimu mkuu na hatuulizi unakula nini?"

Nilikuwa na maana ile nyumba ya shule anayopanga, iliyo uani kwa mkuu. Wallahi nilikuwa na maana hiyo tu. Darasa likalipuka, mmoja akaanguka na dawati lake, na mimi nikapewa barua: nisikanyage shule Jumatatu bila mzazi.

Baba mdogo, anayeendesha duka, alikuwa Dar kuchukua mzigo wa vitambaa. Mama yuko Iringa, baba yuko njiani na lori. Nikamsomea Bibi barua ile kwa kurukaruka mistari, lakini si mjinga.

"Nitakwenda mimi," akasema. "Saa moja tu. Nitajifunika, nipande bajaji mlangoni, nirudi. Nadhani si vibaya kwa jambo la mtoto."

Nikamwona Bibi yangu na nguo zake nyeupe ofisini kwa mkuu, akisomewa maneno yangu, neno kwa neno. Nikasema, bila hata kufikiri, jinsi mtu anavyopiga chafya:

"Haiwezekani, Bibi. Ustadhi wetu wa madrasa alisema juzi, mwenye eda akikanyaga nje ya kizingiti hata hatua moja, kwa sababu yoyote ile, hesabu inafutika. Anaanza siku ya kwanza."

"Sababu yoyote?"

"Yoyote. Kuna mwanamke alitoka kuanua nguo tu, akakaa eda miezi minane."

Nilitazamia anirushie ndala na kusema mwongo mkubwa we. Nilikuwa hata nimeanza kuinama. Badala yake akashika kifua. Alikuwa ameshatoka, kumbe. Siku ya kumi na kitu, alitoka uani kumfukuza mbuzi wa watu. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama uani ni nje. Nikamwambia uani ni ndani, kwa ukarimu kabisa, kama mufti.

Jumatatu niliingia shule na uso wa huzuni, nikasema mlezi wangu yuko eda. Madam akapoa. Mkuu akaniambia nikasafishe vyoo wiki nzima, yakaisha. Lakini kile kicheko cha "kokoto" kilikuwa bado kinaniuma. Nilikuwa na ushahidi kwenye dirisha.

Alhamisi alasiri, Bibi yuko bafuni na maji yake ya moto, niliteremsha tumbawe nikaliweka sakafuni karibu na msala wake, nikachukua mchi wa kinu cha viungo. Nilikusudia kuvunja ule uvimbe tu. Nikagonga mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili tawi zima likaruka, na vipande vyeupe vikasambaa chumba kizima kama sukari ya mawe. Lakini yumo kweli! Ndani ya ule uvimbe palikuwa na kitundu laini, na ndani yake kikaa kimoja kikavu, kidogo kuliko punje ya choroko, miguu imekunjwa tumboni. Nikakitia kwenye kiberiti juu ya pamba.

Nikasikia ndoo inaburutwa bafuni. Nilikusanya vipande vikubwa kwa mikono, vidogo nikavisukuma chini ya mkeka, tumbawe nikalirudisha dirishani, upande uliovunjika ukitazama nje. Bibi akaingia, akavua ndala, akasimama juu ya msala kuswali alasiri. Niliona, kwa kweli niliona, kipande kimoja kama sindano pembeni ya msala. Nikasema akimaliza nitakiokota. Halafu rafiki yangu akaniita dukani.

Kesho yake Madam aliweka yule kaa chini ya lenzi, akainama kutazama. Akawaita wanafunzi mmoja mmoja waje kuona. Akasema mbele ya wote kwamba yeye amejifunza kitu leo, na akaniomba radhi. Sijawahi kuombwa radhi na mwalimu. Nilitembea Mwanjelwa nzima siku ile nikiwa mrefu.

Jumamosi ndiyo siku ya kumsugua Bibi miguu na jiwe na mafuta. Mtu wa kisukari anaweza kukanyaga moto asijue, nyayo zake zimekufa. Chini ya kidole kikubwa cha mguu wa kulia palikuwa na tundu, na ndani ya tundu kitu cheupe. Nikakichomoa kwa kucha. Kikafuata maji ya pinki.

"Nini hicho?"

"Punje ya mchele, Bibi."

"Wako ule mbichi," akasema, akacheka.

Nikampaka dawa ya bluu. Nilimpaka kila siku, asubuhi na jioni, kwa uaminifu ambao sijawahi kuufanyia kitu chochote maishani. Tundu likawa shimo. Ngozi pembeni ikawa nyekundu, kisha zambarau, na sikujua ipi ni dawa na ipi ni mguu. Siku ya tisa chumba kilinuka. Nikamwambia kuna panya amefia darini. Bibi akaniagiza nimtafute yule panya, na mimi nikapanda darini na tochi kumtafuta.

Baba mdogo aliporudi kutoka Dar, aliingia kumsalimia mama yake, akasimama mlangoni na pua yake imekunjika. Hakuuliza habari za panya. Alifunua shuka. Akatoka, akarudi na daktari wa zahanati ya jirani, kijana mmoja Mnyakyusa mwenye koti kubwa kuliko yeye. Daktari alibonyeza mguu mpaka karibu na kifundo.

"Mama huyu aende hospitali leo. Sisemi kesho."

"Siendi," akasema Bibi.

"Mama!" baba mdogo akasema.

"Nimebakiza wiki tatu. Nikitoka naanza moja. Nitakufa sijamaliza eda ya mume wangu."

"Nani kakwambia unaanza moja?"

"Ustadhi."

Baba mdogo alijikuna shingo. "Dini haiwezi kuwa hivyo, mama."

"Wewe Ijumaa unawahi salamu ya mwisho ya swala, leo ndiyo utanifundisha dini?"

Akanigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama na bakuli la maji ya chumvi. "Kimbia madrasa. Mwite ustadhi aje amwambie mwenyewe. Sasa hivi."

Nataka niandike sawasawa nilichofanya, kwa sababu nimewahi kukisimulia kwa namna nyingi na zote zilinipendelea. Nilitoka. Nilifika kwenye kona ya madrasa, nikasikia watoto wakisoma kwa sauti. Ustadhi yumo. Nikafikiria atakavyofika, atakavyosema "mimi sijasema hivyo", na baba mdogo atakavyonitazama, halafu kiberiti, halafu tumbawe, yote moja baada ya jingine. Nikapita. Nikaenda sokoni, nikakaa kwenye magunia ya viazi ya mama mmoja ninayemfahamu, nikala karanga, nikamfurahisha kwa vichekesho. Alicheka sana. Jioni nikarudi nikasema ustadhi kasafiri, yuko Chunya, anarudi keshokutwa.

Siku mbili. Daktari alikuja kuchoma sindano, akawa anatikisa kichwa tu. Mama alipiga simu kutoka Iringa, akamwomba Bibi kwa machozi, Bibi akamjibu kwa upole, "Mwanangu, wewe umeingia dini ukubwani, haya huyajui." Mguu ukawa mweusi kuanzia vidole, mweusi wa sufuria. Homa ikampanda, akawa anaongea na wasichana wenzake wa mwambani, anawaambia wavae viatu.

Hapo ndipo nilipopiga magoti kando ya kitanda, mchana, baba mdogo yupo.

"Bibi, nilidanganya. Ustadhi hajasema kitu. Nilitunga mimi, usije shuleni. Unaruhusiwa kutoka."

Bibi alifungua macho, akanishika shavu. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Mke mwenzangu," akasema, "unanitania nitoke. Unanihurumia. Mwanangu, sidanganyiki."

"Bibi, wallahi!"

"Unaapa hata kwa yule panya wa darini."

Nilimgeukia baba mdogo. Yeye aliniamini mara moja. Niliona kwenye uso wake kuaminiwa kulivyo, na sikufurahi. Hakunipiga. Alisema tu, taratibu, "Na Chunya?" Akatoka bila viatu, na baada ya dakika chache akarudi na ustadhi anahema, chaki mikononi.

Ustadhi alisimama mlangoni, macho chini. "Mama, ugonjwa ni dharura. Ungetoka tangu siku ya kwanza, usingekuwa na kosa lolote."

"Na hesabu?"

"Hesabu inaendelea, mama. Haifutwi na kitu."

Bibi akaanza kujiinua, akitafuta ndala zake kwa mguu ambao haukuwa unasikia tena sakafu.

Hospitali walimkata mguu usiku uleule, chini ya goti. Daktari mkubwa alisema siku mbili mapema wangekata vidole viwili. Alikuwa akimweleza baba mdogo, lakini nilikuwa nyuma yake, na sentensi ile iliniingia mimi.

Asubuhi mama alifika na basi la kutoka Iringa, na hospitali ikatukabidhi mguu. Sikuwa najua kwamba kuna kukabidhiwa mguu. Kwetu kiungo cha Mwislamu hakitupwi, kinafungwa kitambaa na kuzikwa. Baba mdogo alikuwa dirisha la malipo anajaza karatasi, mama yuko wodini na Bibi, kwa hiyo nesi akaniletea mimi. Ulikuwa umeviringwa shuka, juu yake mfuko mweusi wa plastiki. Mzito kuliko nilivyotegemea. Nilikaa nao kwenye bajaji mapajani, baba mdogo mbele na dereva, na kila tulipopiga shimo niliukumbatia usidondoke. Dereva akauliza kwenye kioo tumenunua nyama wapi. Kichwani kwangu yalikuja majibu matatu, yote ya kuchekesha, yalikuja yenyewe kama kawaida yao. Nikatazama nje.

Wanawake hatuingii makaburini kuzika. Getini baba mdogo aliupokea kwa mikono miwili. Ustadhi alikuwa keshafika na kijana mwenye jembe. Waliingia wakapotea nyuma ya miti ya mikaratusi. Haukuswaliwa. Ilichukua muda mfupi sana, ule wa kuchimbia mche wa parachichi. Mapaja yangu yalikuwa bado na umbo la ule uzito, na sketi ya shule ilikuwa na doa dogo ambalo nilikaa nikilitazama.

Tulirudi wodini pamoja, lakini baba mdogo alichelewa getini akizungumza na mlinzi, nikafika kitandani mimi kwanza. Mama alisogea anipishe bila kunitazama. Shuka lilikuwa limelala chini mahali ambapo lingepaswa kuinuka. Bibi alikuwa macho, midomo imekauka. Nilimpa maji kwa kijiko.

"Mguu wangu mmeuzika?"

"Tumeuzika, Bibi."

"Vizuri? Na kitambaa?"

"Na kitambaa. Ustadhi alikuwepo."

Alinitazama kwa yale macho yake mabovu, akijaribu kunipata vizuri. Nilingoja aseme neno, hata tusi. Alimeza maji, akageuza kichwa kuelekea mlango, akakaa hivyo akisubiri. Baba mdogo akaingia, udongo mwekundu kwenye kingo za viatu vyake.

Bibi akamuuliza yeye, maneno yaleyale.